TUONYESHENI DAFTARI LA FOLENI

Ndugu wafanyakazi wenzangu wa usukani,

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Ngoja ngoja ya gari huumiza matumbo ya nyumba nzima: ya dereva, ya mke wake, ya watoto wake, na hata ya fundi wa gereji aliyetegemea kazi ya gari hilo. Naomba nafasi katika ukurasa wetu huu nilizungumzie jambo ambalo wengi wetu hapa Gisenyi tumelinung'unikia pembeni ya kituo, lakini hatujalisimamisha mbele ya mkutano.

Mimi ni dereva wa teksi. Kazi yangu kwa miaka kumi na tisa imekuwa kuwachukua abiria kituoni na kuwapeleka mpakani, kuwatoa mpakani na kuwapeleka kwenye hoteli za kando ya ziwa, na ikiwa siku ina baraka, kupata safari ya Kigali, kilomita mia na hamsini na kitu za milima na kona. Gari langu lilikuwa Toyota Corolla, kuukuu kuliko mtoto wangu wa kwanza. Lilinisomeshea watoto, sina haki ya kulilaani. Lakini mlima si rafiki wa gari kuukuu, na petroli si rafiki wa mtu maskini.

Hivyo basi, mwezi wa Oktoba 2024, mimi na mwenzangu mmoja wa kituo hiki tuliamua kuunganisha nguvu na kuagiza gari moja jipya la haibridi, yaani lile linalotumia petroli na umeme pamoja. Wakati huo magari ya aina hiyo, pamoja na yale ya umeme mtupu, yalikuwa yamesamehewa ushuru na kodi tangu mwaka 2021. Kila mwenye uwezo kidogo alikuwa anayatafuta. Nasi tukajipanga katika foleni.

Tulikwenda kwa wakala mmoja. Jina lake silitaji, kwani shabaha yangu si mtu mmoja bali desturi nzima. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akatuonyesha picha. Akasema gari litafika kwa miezi mitatu. Tukalipa theluthi ya bei kuwa malipo ya awali. Ili kupata sehemu yangu niliuza ile Corolla. Mwenzangu alikopa katika SACCO. Tukarudi nyumbani na karatasi moja yenye kiasi cha fedha, sahihi na muhuri.

Nikiitazama leo karatasi hiyo, naona aibu. Haina tarehe ya gari kufika. Haina namba yetu katika foleni. Haisemi bei itabaki ileile au itapanda. Haisemi fedha zitarudishwa lini kama gari halikuja. Ile miezi mitatu ilikuwa ya mdomo tu, na mdomo hauna muhuri. Nakiri kosa langu mbele yenu: niliuza jembe langu kwa ahadi ya mdomo.

Miezi mitatu ikaisha. Mwishoni mwa Januari 2025, mji wa Goma uliangukia mikononi mwa M23. Makombora yalivuka mpaka na kuanguka hapa kwetu Gisenyi, na watu walikufa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuliza habari za gari siku hizo. Lakini nilipouliza mwezi wa pili, nikaambiwa gari limechelewa kwa sababu ya vita. Ndugu zangu, gari letu lilikuwa lije kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa barabara ya karibu kilomita 1,500 kupitia Rusumo mpaka Kigali. Vita vya Goma havikufunga Rusumo.

Mwezi wa nne nikaambiwa ni Bahari ya Shamu, kwamba meli zinashambuliwa. Ni kweli zilishambuliwa tangu Novemba 2023, na meli nyingi za kati ya Asia na Ulaya zikalazimika kuzunguka kusini kabisa mwa Afrika. Lakini kiwanda cha gari letu kiko Asia, na meli itokayo Asia kuja Dar es Salaam hukata Bahari ya Hindi, haipiti Suez. Wakala angeweza kusema kwamba meli zikizunguka njia ndefu huwa chache duniani kote, nasi tungemwelewa. Hakusema hivyo. Alitaja bahari kama mtu anayetaja mvua.

Kisha ukaja mwezi wa Julai 2025. Msamaha wa kodi kwa magari ya haibridi ukaondolewa, VAT ya asilimia 18 ikarudi, pamoja na ushuru mwingine. Magari ya umeme mtupu yakaendelea kusamehewa, lakini la kwetu halikuwa la umeme mtupu. Sipingi serikali kukusanya kodi. Barabara tunazopita hujengwa kwa kodi. Ninachouliza ni hiki: kama gari lingefika Januari kama tulivyoambiwa, au hata Mei, kodi hiyo isingetuhusu. Nani alichelewa? Na nani aliambiwa alipe?

Mwezi wa kumi na moja tangu tuagize, simu ikalia. Gari limefika, lakini bei ni mpya. Tulikaa na mwenzangu tukapiga hesabu mpaka usiku. Riba ya SACCO ilikuwa imehesabiwa tangu siku fedha zilipotoka, maana riba haijui kungoja. Fedha za kuongeza hatukuwa nazo. Tukaomba kujitoa. Tukajibiwa kwamba malipo yetu yatarudishwa akipatikana mteja wa kuchukua nafasi yetu. Mteja huyo alipatikana kwa siku mbili. Alilipa fedha zote taslimu, kwa bei ya juu kuliko hiyo mpya. Sisi tulirudishiwa fedha zetu baada ya wiki sita, bila hata faranga moja ya nyongeza.

Sasa natia gari la tajiri barabarani na kumpelekea hesabu kila jioni. Mwenzangu analipa mkopo wa gari ambalo hakuwahi kulikalia.

Sikuandika haya ili mnionee huruma. Nimeandika kwa sababu katika wiki hizo sita nilitambua jambo moja ambalo sikuwa nimelitambua kwa miezi kumi na moja. Nilidhani tunangoja bidhaa, kumbe nafasi yetu katika foleni nayo ilikuwa bidhaa. Iliuzwa, na faida yake haikuwa yetu. Sisi ndio tuliokalia foleni na kulipa riba ya kungoja, lakini mavuno akavuna mwingine. Zamani jambo kama hili liliitwa ulanguzi, na sioni sababu ya kulibadilishia jina leo.

Wala tusidhani ni ugonjwa wa Gisenyi peke yake. Katika Ujerumani Mashariki, kabla ya mwaka 1989, mwananchi aliyetaka gari dogo la Trabant alijiandikisha na kungoja zaidi ya miaka kumi. Matokeo yake Trabant iliyokwisha kutumika iliweza kuuzwa ghali kuliko mpya, kwa sababu ile ya zamani ipo na mpya haipo. India katika miaka ya 1970 watu walingoja miaka mingi kupata pikipiki ya Bajaj Chetak, na aliyeipata aliweza kuiuza kwa faida siku hiyohiyo. Tanzania katika miaka ya 1970 na 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, gari jipya lilipatikana kwa kibali, na mwenye kibali mkononi alikuwa na mali hata kabla ya kuona gurudumu. Popote foleni inapokuwa ndefu na daftari lake halionekani, hujitokeza mtu wa kuuza nafasi.

Tazameni pia Japani, nchi yenye viwanda. Januari 2022, kampuni ya Toyota iliwatangazia wateja wa huko kwamba anayeagiza Land Cruiser 300 anaweza kungoja mpaka miaka minne. Miaka minne! Lakini ilitangazwa waziwazi, na kila mtu alijua anaingia katika nini. Tena wanunuzi waliombwa kutia sahihi ahadi ya kutoliuza gari hilo ndani ya mwaka mmoja, ili walanguzi wasijifiche katikati ya foleni. Mimi naona miaka minne ya ukweli ni afadhali kuliko miezi mitatu ya uongo. Mtu aliyeambiwa miaka minne haendi kuuza Corolla yake kesho asubuhi.

Sasa tuwe waadilifu. Si kila kuchelewa ni hila. Mwaka 2021 viwanda vya magari duniani vilipunguza kazi kwa kukosa vipande vidogo vya elektroniki viitwavyo chipu. Hilo lilikuwa jambo la kweli. Tena nchi yetu ina shida yake ya pekee. Sisi tunaendesha upande wa kulia, na tangu mwaka 2005 magari madogo yenye usukani wa kulia yalipigwa marufuku kuingizwa. Majirani zetu wa Uganda, Tanzania na Kenya wanaendesha upande wa kushoto. Magari mengi yanayoshuka Dar es Salaam na Mombasa ni ya kwao, si ya kwetu. Hatuwezi kuchukua gari la jirani aliyeghairi. La kwetu ni lazima liagizwe la usukani wa kushoto, na soko letu ni dogo. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilitukuta kiasi cha milioni 13, na wenye kununua gari jipya ni wachache mno miongoni mwao.

Nielewe basi wakala anavyofanya kazi. Anapokea oda moja ya dereva wa Gisenyi, moja ya mwalimu wa Huye, mbili za wafanyabiashara wa Kigali. Oda moja moja haimpi nguvu mbele ya kiwanda wala mbele ya mwenye meli. Anazikusanya mpaka zifike idadi ya maana, ndipo anaagiza. Kwa hiyo siku ile tulipolipa, huenda gari letu lilikuwa halijaagizwa kabisa. Fedha zetu zilikaa zikingoja fedha za wengine. Angetuambia hivyo, tungeamua wenyewe kama tungoje au tusingoje. Kosa lake ni kuficha.

Lakini hapohapo ndipo ninapoiona dawa. Kama shida ni kwamba oda moja moja haina nguvu, kwa nini sisi tunaagiza mmoja mmoja?

Mwaka 2023 foleni za abiria Kigali zilikuwa zimevuka mpaka, watu wakisimama saa nzima na zaidi wakingoja basi. Serikali haikuwaambia wenye mabasi waende mmoja mmoja kwa wakala. Iliagiza mabasi 200 kwa pamoja, na mwishoni mwa mwaka huohuo ya kwanza yakaanza kuwasili. Sisemi chama chetu kina mfuko wa serikali. Nasema kwamba mnunuzi wa vyombo vingi huheshimiwa, hupewa tarehe, na akicheleweshewa hupigiwa simu yeye badala ya kupiga yeye.

Najua yupo ndugu atakayeuliza: Je, ukurasa wa chama cha wafanyakazi ni mahali pa kulilia magari mapya? Gari si anasa? Namjibu kwa heshima. Kwa mtu wa ofisini gari jipya linaweza kuwa anasa. Kwa dereva ni jembe. Chama kinachotetea ujira wa mkulima lakini hakitaki kusikia habari za jembe lake, kinatetea nusu ya mkulima. Kila mwezi dereva anaongoja gari lake huwa yuko katika gari la mtu mwingine, na sehemu kubwa ya jasho lake inaingia katika hesabu ya jioni. Foleni isiyo na mwisho ni ujira unaokatwa, ingawa hakuna karatasi ya mshahara inayouonyesha.

Wala jambo hili si la wenye teksi tu. Wenzetu wa pikipiki wafungue masikio. Tangu Januari 2025, mjini Kigali pikipiki mpya ya petroli haiandikishwi tena kwa kazi ya kubeba abiria. Anayeingia kazini lazima aingie na ya umeme. Sheria hiyo ni ya Kigali, lakini mambo ya Kigali huwa yanapanda mlima na kufika Rubavu. Siku itakapofika, pikipiki elfu ngapi zitatakiwa kwa mara moja? Na nani atashika daftari la foleni? Afadhali tuulize sasa, kabla hatujapanga mstari.

Napendekeza mambo matano, na naomba yajadiliwe na tawi letu.

Kwanza, mwanachama asilipe malipo ya awali bila mkataba wa maandishi unaotaja tarehe ya kufika kwa chombo, bei ya mwisho, na namba yake katika foleni. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili, mkataba useme wazi nani anabeba kodi ikibadilika njiani. Chombo kikichelewa kupita tarehe iliyoandikwa kwa uzembe wa muuzaji, tofauti ya kodi iwe yake. Kikiwa bado ndani ya muda, mnunuzi abebe. Hiyo ni haki kwa pande zote mbili.

Tatu, tarehe ikipita, mnunuzi awe na haki ya kurudishiwa fedha zake ndani ya siku zilizotajwa, pamoja na nyongeza inayolingana na riba ya SACCO. Ikiwa fedha yetu inazaa mikononi mwa wakala, haiwezi kuwa tasa inaporudi kwetu.

Nne, nafasi iliyoachwa na mmoja iende kwa anayefuata katika orodha, kwa bei ya orodha. Asirukwe mtu kwa sababu mwingine amekuja na bahasha nene. Na orodha hiyo ionyeshwe kwa kila aliyemo.

Tano, na hili ndilo kubwa, tawi likusanye oda za wanachama na kuziwasilisha kwa wauzaji kwa pamoja. Madereva kumi, kumi na watano, wenye kutaka gari la aina moja, wakiingia mlango mmoja na mkataba mmoja, wao wenyewe ndio idadi ya maana ambayo wakala alikuwa anaingojea. Atakayekataa masharti yetu, tutakwenda kwa jirani yake.

Wengine watasema wauzaji hawatakubali, kwa kuwa gari linalogombaniwa halihitaji kumbembeleza mnunuzi. Ni kweli halimbembelezi mnunuzi mmoja. Lakini hata muuzaji mwenye kiburi anajua tofauti ya oda ya uhakika ya magari kumi na kelele za watu kumi mlangoni. Tena hatuendi mikono mitupu. Nchi hii ina sheria ya ushindani na kulinda walaji tangu mwaka 2012, na ipo taasisi ya RICA iliyopewa kazi ya kuwalinda wanunuzi. Sisi wenyewe hatukwenda kulalamika, kwa sababu tulikuwa na karatasi isiyosema kitu. Ukienda kudai haki na karatasi tupu, hata mwenye kutaka kukusaidia atakosa pa kushika.

Kwa ndugu zetu mawakala nasema hivi: hatuwachukii. Mnatuletea vyombo vya kazi kutoka mbali, na njia yenu ina mawe mengi. Tuambieni ukweli hata kama ni mchungu. Semeni miezi kumi kama ni kumi. Semeni gari halijaagizwa kama halijaagizwa. Dereva ni mtu wa kungoja, amezoea. Anangoja abiria, anangoja mpaka ufunguliwe, anangoja mvua ikatike kwenye kona za mlimani. Tunachokataa ni kungoja tukiwa tumefungwa macho.

Na kwenu, wenzangu, naomba jambo moja dogo. Najua si mimi na mwenzangu peke yetu. Nimekwisha kuonyeshwa karatasi kama yetu na watu wanne wa kituo kimoja tu, kila mmoja akidhani yake ni bahati mbaya ya pekee. Katika mkutano ujao wa tawi, kila aliyelipia gari au pikipiki na bado hajakiona chombo chake, aje na risiti yake. Tuziweke juu ya meza moja, tuandike tarehe ya kila moja, nani alilipa kwanza na nani alilipa pili. Hilo litakuwa daftari letu la kwanza la foleni. Mimi nitaleta ya kwangu, ijapokuwa imekwisha kazi.